Kasi ya Injinia

Nikirudi shule nilikuwa na mpangilio wangu usiobadilika. Navua sare, naosha vyombo, nakula, kisha naosha mikono mara ya pili kwa sabuni, kwa sababu baba hakubali kompyuta yake iguswe na vidole vyenye mafuta. Baada ya hapo ndipo napiga hodi studio.

Usisikie studio ukafikiri ni jumba. Ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kile ambacho watu wengine huweka makochi. Sisi wageni wetu hukaa jikoni na mama, wakipenda wasipende. Ndani ya studio kuna dirisha moja, meza ndefu, nyaya kila upande, picha za maharusi ukutani, na chini ya meza lile boksi jeusi la kompyuta linalonguruma taratibu. Baba ni mpiga video. Anarekodi harusi na mahafali, halafu anakaa hapo kukata vipande, kuviunganisha na kuweka muziki. Mwisho kabisa kompyuta yenyewe huchukua vipande vyote na kuvifanya filamu moja. Kazi hiyo baba huiita kupika. Inachukua saa nyingi, na video ikiwa inapikwa hakuna anayeruhusiwa kugusa chochote, hata kipanya.

Mimi nilikuwa nafundishwa kukata, na baba akanipachika jina la Bi Mkasi.

"Bi Mkasi, hebu ona, bwana harusi anapiga miayo. Mtoe huyo."

Namtoa. Tunacheka. Wenzangu darasani walitaka kuwa madaktari na marubani. Mimi nilitaka kukaa kwenye kile kiti, kando ya baba, mpaka niwe mzee. Sikuwa na ndoto nyingine.

Sasa nikuambie kuhusu kaka yangu. Alikuwa amemaliza shule na anasubiri kwenda chuo. Mtaa mzima ulimwita Injinia, maana redio ikigoma aliletewa yeye, na simu ikizima aliletewa yeye. Nami nilimwamini kupita kiasi. Injinia angesema jua lina baridi, ningeingia ndani kutafuta sweta. Baba akitoka na kamera zake kwenda kazini, Injinia alikuwa anafungua gemu la magari kwenye kompyuta ya studio, jambo ambalo baba amelikataza.

"Bi Mkasi, usinichongee kwa mzee," aliniambia.

"Sikuchongei," nilijibu. Na kweli sikumchongea hata siku moja. Hilo ulishike, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi.

Siku moja nilimkuta amevua ubavu mmoja wa boksi la kompyuta. Vitu vyote vya ndani vilikuwa wazi. Akanituma nimletee feni ya mezani kutoka chumbani kwa mama.

"Ya nini?"

"Naipunguzia vumbi, mwenzangu. Si unajua baba hana muda?"

Nikabeba feni mpaka pale, nikaichomeka, hata nikamshikia iwe inaelekea ndani ya boksi. Akacheza gemu lake kidogo. Magari yalikuwa yanaruka kwenye skrini kuliko nilivyowahi kuona. Nikampigia makofi. Nilifikiri kweli ni vumbi lililotoka.

Baada ya siku hizo ikaja kazi ya nesi. Huyu nesi wa zahanati ya jirani alikuwa amemwoza binti yake, na mama yake mzazi, mgonjwa wa kitandani, hakuweza kuja harusini. Nesi alitaka kusafiri na video ampelekee. Mimi nikakata, baba akaunganisha, nami pembeni nikisema hapa pazuri, hapa pabaya. Tukamaliza. Baba akabonyeza kitufe cha kupika, tukatoka nje na kufunga mlango.

Tuliporudi, kompyuta ilikuwa imejiwasha upya na filamu haipo. Baba akaanza tena. Ikafika karibu nusu, skrini ikawa nyeusi, kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe. Akaanza mara nyingine. Wapi! Ukiandika barua, kompyuta nzima. Ukiangalia picha, nzima. Ukipika video, inazima. Baba akashika kiuno katikati ya chumba.

"Nani ameigusa hii kompyuta?"

Tulikuwa pale mimi na Injinia. Nikamtazama kaka yangu, nikingoja aseme lolote la kusaidia, maana yeye ndiye mjuzi wa nyumba.

Akakohoa kidogo. "Baba, mimi sipendi kumsema mtu. Lakini huyu huwa anachomeka flashi ya shuleni kwao. Flashi za shule zimejaa virusi."

Flashi ile niliichomeka mara moja, kuchukua video ya mchezo wetu wa kuigiza. Na kabla sijaichomeka nilimpelekea nani? Yeye! Aliikagua kwenye simu yake, akaniambia ni safi, endelea.

"Si ulinikagulia wewe mwenyewe?" nikasema. "Si ulisema ni safi?"

"Mimi? Lini?" Alinikazia macho bila aibu. "Usinitie kwenye mambo yako."

Jamani! Angenipiga kofi ingekuwa afadhali. Nilifungua mdomo maneno yasitoke, na baba akaona ule ukimya ni kukiri.

"Toka," baba akasema. Hakupiga kelele. "Nilikuamini nikakupa kiti changu. Usiingie tena humu mpaka nikuambie."

Nikatoka. Mlangoni nilikutana na nesi aliyekuja kuuliza video yake. Nikasimama ukutani nikisikia kila neno. Baba alimwomba radhi, akamweleza kuwa mtoto ameingiza virusi. Nesi alinigeukia. Alikuwa amenichoma sindano tangu nikiwa mchanga, na daima akinichekea. Siku ile hakucheka.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Nasafiri kesho kutwa, mwanangu. Nitamwambia nini mama yangu?"

Injinia alikuwa amesimama nyuma ya baba, anajifanya kukunja waya.

Nilikimbilia jikoni. Mama ni msusi, na alikuwa anatenganisha rasta za mteja wa siku iliyofuata. Nikamwambia yote nikilia, isipokuwa habari ya gemu. Ndiyo, hata hapo bado niliitunza siri yake. Nilikuwa nimeahidi, na mjinga mimi nilidhani ahadi ni kitu cha pande mbili.

Mama aliniuliza swali moja tu. "Una hakika alikukagulia?"

"Nina hakika, mama."

Akaenda kwa baba. "Kabla hujamhukumu mtoto, ipeleke kompyuta kwa fundi. Na uende naye akasikie kwa masikio yake. Ikiwa ni virusi vyake, fundi atasema."

Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi. Injinia alibeba boksi begani, baba mbele, mimi nyuma kabisa peke yangu.

Fundi wa kompyuta alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzito na miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Meza yake ilijaa bisibisi, brashi na vipande vya kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umevimba, au ni wewe uliyeletwa nikutengeneze?"

Baba akaeleza habari ya virusi. Fundi akachomeka boksi kwenye skrini yake, akakagua. Alisubiri, akakuna kidevu, akasubiri tena.

"Virusi hamna," akasema. "Hata kimoja."

Nikamtazama Injinia. Alikuwa anasoma tangazo la chaja lililobandikwa ukutani, kana kwamba ana mtihani wake.

"Sasa tuitese," fundi akasema. Akafungua programu inayoifanyisha kompyuta kazi nzito mfululizo, kama inavyofanya ikipika video. Pembeni ya skrini kulikuwa na namba za joto. Zikapanda, zikapanda, na feni ya ndani ikalia kama imechokozwa. Ghafla skrini ikawa nyeusi.

"Joto," fundi akasema. "Inajizima ili isiungue. Sasa tujue joto lenyewe linaletwa na nani."

Akapuliza vumbi, lilikuwa dogo. Akaangalia feni, ilikuwa inazunguka vizuri. Ndipo akaiwasha upya huku akibonyeza kitufe fulani mfululizo, na kabla kompyuta haijaamka ukatokea ukurasa wa mipangilio ambao mimi sikuwahi kuuona. Akachukua simu yake, akatafuta jina la prosesa, ule ubongo wa kompyuta, aone kiwanda kiliipangia kasi gani.

"Njoo, mwanangu. Nisomee namba ya kwenye simu, halafu hii ya kwenye skrini. Ipi kubwa?"

"Ya kwenye skrini. Kubwa sana."

"Haya." Akamgeukia baba. "Kuna mtu ameiongezea prosesa yako kasi kuliko iliyopangiwa. Ilipokataa, akaiongezea na umeme. Flashi haifanyi haya. Huyu ni mtu aliyekaa akabonyeza."

Baba alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Nilijua sasa, sasa atasema. Haiwezekani asiseme. Ni kaka yangu.

Injinia akainua mabega. "Muulizeni yeye. Ndiye anayeshinda kwenye hicho kiti kila jioni."

Mara ya pili! Ya kwanza ningeweza kusema aliteleza ulimi. Hii ya pili aliitafuta, akaichagua, akanirushia usoni mbele ya watu. Niliwaza vitu vyote nilivyomfichia, nikajiona kama mtu aliyemshikia mwizi mlango.

"Huo ukurasa mimi sijawahi kuuona!" nikapiga kelele. "Sijui hata unaingiaje!"

"Anajifanya," Injinia akanong'ona.

Fundi akavaa miwani yake. "Kabla sijairudisha kwenye kasi yake, nataka kuona mpaka wake uko wapi, nijue kama imeumia. Kasi naiacha hivi hivi. Umeme naupunguza kidogo kidogo."

Akapunguza, akaiwasha. Ikaamka. Akapunguza tena, akaiwasha. Ikaamka kwa shida. Akapunguza mara nyingine. Feni zikazunguka, taa ikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi tii. Fundi akazima na kuwasha. Nyeusi. Akarudia. Nyeusi.

Baba akashika kichwa. "Isiwe imekufa. Fundi, kazi ya watu imo humo ndani."

Nesi nilimwona waziwazi akilini, anapanda gari mikono mitupu.

"Haijafa, baba," Injinia akasema haraka. "Kwa umeme huo huwa haiamki kabisa. Itoe ile betri ndogo ya duara, ngoja kidogo, irudishe, itawaka. Hata mimi ilinigomea hapo ha—"

Akajiziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

Fundi alichukua bisibisi, akatoa ile betri ndogo, akangoja, akairudisha. Kompyuta ikawaka palepale, na kasi yake imerudi kuwa ya kiwandani. Baba hakuitazama hata kidogo. Alikuwa anamtazama mwanawe.

"Ni wewe," baba akasema.

"Nilitaka magari ya gemu yakimbie," Injinia akajibu chini chini. "Nilikuwa nimepanga kuirudisha. Ukaanza kupika kabla sijapata nafasi. Ilipozima mara ya kwanza nikajua. Lakini ulishaniambia mwezi ujao utaniachia studio niisimamie mwenyewe mpaka nitakapoenda chuo. Nikaona ukijua tu, basi."

"Kwa hiyo nipoteze mimi?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa inakatika. "Wewe ulipewa studio nzima. Mimi nilikuwa na kiti kimoja. Ukaona nipoteze mimi?"

Akageuza uso.

Fundi alimvutia kigoda. "Kaa hapo. Niambie, uliipimaje ukaona imekubali?"

"Kwa gemu. Ilienda vizuri tu."

"Kwa muda gani?"

"Si mrefu."

"Boksi lilikuwa limefungwa?"

Injinia akainama. "Wazi. Na feni ya mezani inapuliza ndani."

"Feni niliyokuletea mimi!" nikasema. "Uliniambia vumbi!"

"Umeona kosa lako?" fundi akamwambia, bila ukali. "Kuongeza kasi si uchawi wala si dhambi, hata mimi nimewahi. Lakini uliipima ikiwa uchi, inapepewa, kwa mbio fupi. Baba yako anaitumia ikiwa imefungwa, chini ya meza, mchana kutwa. Mpaka wa prosesa unaupima kwa kazi yake yenyewe, si kwa mchezo. Unaongeza kidogo, unaitesa muda mrefu, unatazama joto. Ikigoma unarudi nyuma. Na kompyuta ikiwa ya mtu, unamwambia mwenyewe kwanza."

Akabandua feni iliyo juu ya prosesa, akafuta dawa ya kupitishia joto iliyokuwa imekauka, akapaka mpya. Kisha akaitesa tena kwa ile programu. Tulikaa tukitazama namba. Zilipanda mahali fulani, zikatulia hapo. Tukanywa maji, tukakaa, zikabaki zimetulia. Skrini haikuzima.

Baba alichuchumaa mbele yangu, mtu mzima, mbele ya fundi. "Nilikufukuza bila kukusikiliza. Uliponyamaza nikadhani ni hatia. Nisamehe, mwanangu."

Nikamwambia nimemsamehe, na ilikuwa kweli, kwa sababu yeye alidanganywa kama mimi.

Mchana uleule baba aliniita studio na kuniambia nibonyeze mimi kitufe cha kupika. Kompyuta ilienda taratibu, mwendo wake wa zamani, na feni yake ikinguruma kwa upole. Jioni filamu ilikuwa imeiva, nzima, kuanzia bibi harusi anapotoka chumbani mpaka wageni wanapoaga.

Baba akaitia kwenye flashi mpya na kunyanyuka ampelekee nesi. Mama akamzuia kwa mkono.

"Apeleke yeye," akasema, akimwonyesha Injinia. "Na wewe, Bi Mkasi, nenda naye ukasikie. Maneno machafu aliyasema mbele ya watu. Hawezi kuja kuyafuta chumbani."

Tukaenda sisi watatu, mama, Injinia na mimi. Nesi alikuwa anafunga begi. Injinia alimpa flashi, akageuka aondoke. Mama hakumpisha mlangoni. Kaka yangu akavuta pumzi.

"Nesi, si dada yangu aliyeharibu. Ni mimi. Virusi havikuwepo. Nilijua tangu mwanzo, nikamsingizia. Hata flashi yake nilimkagulia mwenyewe, nikakana." Machozi yalikuwa yanamtoka, mkubwa mzima.

Nesi aliacha begi. Alinivuta, akanishika mashavu kwa mikono miwili. "Na mimi nilikutazama vibaya. Mama yangu nitamwambia nani hasa aliikata video hii." Hapo na mimi nikalia, maana tangu jana jina langu lilikuwa limekaa vibaya kinywani mwa watu, na sasa nilisikia nikisemwa kwa wema.

Tukiwa njiani kurudi, Injinia alinisogelea. "Bi Mkasi, nimeshasema yote. Umenisamehe?"

Nilitaka kusema ndiyo ili yaishe. Ila nilipofungua mdomo nikasikia tena lile "Mimi? Lini?" likinipigia masikioni.

"Usimharakishe," mama akasema. "Sikilizeni wote wawili. Kompyuta ukiizidishia ikashindwa, unatoa betri, unairudisha, inasahau kila kitu. Mtu hana betri ya kutoa. Ulipokosea mara ya kwanza, mwanangu, lilikuwa kosa la kompyuta, na baba yako angefoka, tungepeleka kwa fundi, yangekwisha. Wewe ukalifanya kosa la mtu, na ukamtafuta yule aliyekuwa anakutunzia siri zako. Ukweli ungekugharimu aibu ya siku moja. Sasa utalipa kwa matendo, siku baada ya siku, mpaka dada yako mwenyewe aseme inatosha. Na wewe, Bi Mkasi, siri ya kumficha mtu anayevunja amri si mapenzi. Siku nyingine uniambie."

"Ndiyo, mama," tukajibu.

Tukatembea. Baadaye kaka yangu aliuliza, polepole, kama mgeni anayepiga hodi, "Kesho naweza kukusaidia kuosha vyombo?"

"Osha vyote," nikamwambia. "Mimi nitakuwa studio."

Hakubisha. Na mimi bado sikumwambia nimemsamehe.